Sekondari ya Kata: Historia ya Miaka Ishirini ya Kwanza

Kijitabu cha kumbukumbu kwa kawaida huandikiwa shule moja yenye majengo yake, wimbo wake na majina ya wakuu wake yaliyopangwa ukutani. Hiki kinazihusu maelfu ya shule kwa pamoja, kwa sababu sekondari ya kata ni taasisi moja. Ilizaliwa kwa uamuzi mmoja, ikajengwa kwa utaratibu mmoja, ikadharauliwa kwa jina moja, na hadi leo mkuu wa shule wa Kibondo na mwenzake wa Newala wanaendesha kazi kwa nyaraka zilezile. Historia hii ni ya Tanzania Bara, maana Zanzibar ina mfumo wake wa elimu. Hoja inayoibeba ni kwamba kwa mtoto wa kijijini umbali ndio uliokuwa mtihani wa kwanza wa sekondari, na wengi waliufeli kabla hawajakalia dawati. Shule iliyosogezwa karibu, hata ikiwa na upungufu wa kutisha, ilifanya kazi ambayo shule bora ya mbali haikuwahi kuifanya. Wanaolipinga jambo hilo wana sababu nzito, na sababu hizo zitapewa nafasi yake humu, kwa kuwa heshima ya taasisi hii haihitaji kufunikwa kasoro.

Kabla ya shule za kata, 1961–2001

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na wanafunzi wa sekondari 11,832 nchi nzima, na waliofika kidato cha sita walikuwa 176. Takwimu hizo alizitaja Mwalimu Nyerere mwenyewe katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, akieleza kwamba idadi ilikuwa imepanda kufikia 25,000. Katika andiko hilohilo alisema wazi kwamba kati ya watoto waliokuwa wanamaliza shule ya msingi mwaka huo ni asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi ya kuendelea. Hakulificha hilo wala hakulipamba. Nchi ilikuwa maskini, fedha zilizokuwapo zilitosha kuwasomesha wachache vizuri, na wachache hao walitakiwa kurudi kuwatumikia waliobaki. Ndiyo maana elimu ya msingi ikatakiwa ijitosheleze yenyewe: imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, si kwa mtihani ambao karibu wote wangeufeli.

Sekondari za wakati ule zilikuwa za bweni, nazo majina yake yanatamkwa kwa fahari hadi leo: Tabora, Minaki, Pugu, Ilboru, Bwiru, Tosamaganga, Weruweru. Aliyechaguliwa alipewa waranti ya treni au basi, akasafiri siku mbili au tatu, akakuta kitanda, chakula na vitabu. Serikali iliondoa ada katika sekondari zake mapema katika miaka ya 1960, na uchaguzi wa kidato cha kwanza ukawekewa mgao wa mikoa ili mtoto wa Ruvuma au Rukwa asizidiwe daima na mtoto wa mikoa iliyotangulia kupata misheni. Ulikuwa mfumo wa haki kwa yule aliyeingia. Mtoto wa mkulima asiye na senti aliweza kufika chuo kikuu bila baba yake kuuza hata mbuzi. Tatizo lilikuwa upana wa mlango, na kadiri miaka ilivyosonga mlango ulizidi kuwa mwembamba, si kwa kupunguzwa nafasi, bali kwa kuongezeka waliosimama nje.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na utekelezaji wake ukafikia kilele mwaka 1977. Mamilioni wakaingia darasa la kwanza. Sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo, na Tanzania, nchi iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa kisomo, ikawa na kiwango cha vijana wa sekondari kilichokuwa miongoni mwa vya chini kabisa barani Afrika. Katika miaka ya 1980 wazazi wenye uwezo hawakusubiri. Kilimanjaro na Kagera, fedha za kahawa na uzoefu wa makanisa vilisimamisha sekondari nyingi za binafsi. Jumuiya ya Wazazi ilijenga zake katika mikoa mbalimbali. Njombe na Mufindi wananchi walianzisha mifuko ya elimu ya wilaya. Juhudi hizi zinastahili kuheshimiwa kama mwalimu wa shule za kata, kwa kuwa zilithibitisha kwamba kijiji kinaweza kujenga sekondari. Lakini zilithibitisha pia kwamba juhudi za wananchi zikiachwa peke yake hufuata ramani ya utajiri. Pasipo na zao la fedha la uhakika, wala misheni ya zamani, wala wenyeji wenye vyeo mjini, shule haikuota. Ada nayo ilirudi katika sekondari za serikali katikati ya muongo huo, wakati uchumi ulipobana, na hivyo yule aliyepenya mlango mwembamba akakuta sasa una kiingilio.

Uamuzi, 2001–2005

Kilichovunja hali hiyo hakikuanzia sekondari. Mwaka 2001 serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliamua kufuta ada ya shule ya msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza kutekelezwa mwaka 2002. Wanafunzi wa msingi waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000 wakawa zaidi ya milioni 7 katikati ya muongo. Mtu yeyote mwenye kalenda aliweza kuona kinachokuja: watoto hao wangemaliza darasa la saba kuanzia 2008, na sekondari zilizokuwapo zisingewapokea hata robo yao. Nchi ilikuwa karibu kurudia historia ya 1977, yaani kupanua chini na kuacha juu palivyo.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulizinduliwa mwaka 2004 ili kukwepa marudio hayo. Benki ya Dunia ilichangia takriban dola za Marekani milioni 150, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Ada ya sekondari za kutwa ilipunguzwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Jambo kubwa zaidi lilikuwa uchaguzi wa aina ya shule. Serikali ingeweza kujenga shule za bweni mia moja au mia mbili za kuvutia. Ilichagua shule za kutwa, nyingi, ndani ya kata, zinazoanzishwa kwa nguvu za wananchi na kukamilishwa kwa ruzuku ya serikali. Bweni linataka kitanda, jiko, maji, mlinzi na chakula cha siku zote za muhula. Gharama ya mwanafunzi mmoja wa bweni inaweza kubeba wa kutwa kadhaa. Kwa bajeti ya Tanzania ya mwaka 2004, kusema kila mtoto asome bweni kulikuwa ni kusema wengi wasisome.

Miaka ya tofali, 2006–2009

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2005, chini ya Rais Jakaya Kikwete, lengo la kila kata kuwa na angalau sekondari moja likageuka kuwa kampeni. Waziri Mkuu Edward Lowassa alilisimamia kwa mkono mzito, na wakuu wa mikoa na wilaya wakapimwa kwa idadi ya madarasa. Kazi yenyewe haikufanyika ofisini. Ilipitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo diwani na afisa mtendaji waligawa kazi kwa vijiji: kijiji hiki mawe, kile mchanga, kingine kufyatua tofali na kuzichoma, wanawake kuteka maji. Wananchi walichimba msingi na kupandisha kuta, ndipo fedha ya serikali ikaja kwa ajili ya bati, saruji ya sakafu na madawati. Mahali pengi fedha hiyo ilichelewa, boma likanyeshewa mvua mbili au tatu, kuta zikaanza kuliwa na maji, na watu wakapandisha tena. Hakuna jedwali la wizara linaloweza kuonyesha kazi hiyo, lakini matokeo yake yanaonekana katika takwimu za wizara zilizo hapa chini, zikijumuisha shule za serikali na zisizo za serikali.

| Mwaka | Shule za sekondari | Wanafunzi, kidato cha 1–6 |
|---|---|---|
| 2003 | 1,083 | 345,441 |
| 2005 | 1,745 | 524,325 |
| 2007 | 3,485 | 1,020,510 |
| 2009 | 4,102 | 1,466,402 |
| 2011 | 4,367 | 1,789,547 |

Kati ya mwaka 2006 na 2007 peke yake ziliongezeka shule zaidi ya 1,100. Ongezeko la mwaka huo mmoja linazidi idadi ya sekondari zote ambazo nchi ilikuwa nazo mwaka 2003, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya uhuru na miongo ya ukoloni iliyotangulia. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni sekondari za kata.

Pana hoja ya kwanza ya kujibiwa hapa, nayo ni ya haki. Wananchi wa vijijini walichangia kwa jasho na kwa fedha shule ambazo mjini zilijengwa kwa kodi. Mahali pengine michango ilikusanywa kwa mgambo waliopita nyumba kwa nyumba, na asiyekuwa na fedha akachukuliwa kuku au baiskeli. Haifai kijitabu cha kumbukumbu kulipita jambo hilo kwa kuinamisha macho. Mfumo uliomtaka mwenye kidogo atoe kwanza ulikuwa na dhuluma ndani yake, na kulazimisha hakukuwa lazima, kwa kuwa kata nyingi zilijenga kwa hiari baada ya kuelezwa vizuri na kuona hesabu za fedha zikibandikwa hadharani. Hata hivyo, wanaotumia kasoro hiyo kusema kampeni isingefanyika wanasahau kwamba watu haohao walikuwa wanalipa gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, yaani watoto wao kukaa nyumbani wakiwa na alama za kufaulu mkononi. Mwanzoni mwa 2006 maelfu ya waliofaulu darasa la saba hawakuwa na nafasi popote. Mchango ulikuwa mzito, lakini mara hii ulinunua kitu kilichoonekana kwa macho na kikabaki katani.

Miaka ya lawama, 2007–2013

Majengo yalikuja kabla ya walimu, na hili ndilo kosa kubwa la kimpangilio katika historia ya taasisi hii. Mwaka 2007, sekondari nchini zilipovuka wanafunzi milioni moja, walimu walikuwa takriban 23,000, na wengi wao walikuwa mijini. Serikali iliwachukua wahitimu wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na kuwapa leseni ya kufundisha. Walitaniwa vibaya mitaani, na shule zenyewe zikapewa majina ya kejeli, lakini bila vijana hao mamia ya madarasa mapya yangebaki na ubao mtupu. Suluhisho la kudumu lilikuwa limeanza kuandaliwa: vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilianzishwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, ili kuzalisha walimu wenye shahada. Mwalimu hufyatuliwa kwa miaka mitatu au zaidi, tofali kwa siku chache, na ratiba ya kampeni haikuheshimu tofauti hiyo.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalilipa deni hilo hadharani. Mwaka 2010 takriban nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwaka 2012 hali ikawa mbaya zaidi: waliopata sifuri walizidi 240,000. Taifa lilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kuanzia hapo neno shule ya kata likawa mfano wa kila kilichoharibika katika elimu, na hoja kuu dhidi ya taasisi hii ikapata nguvu: kwamba ingekuwa heri kuwa na shule chache zinazofundisha kuliko shule nyingi zinazozalisha sifuri.

Hoja hiyo inastahili jibu la takwimu. Kabla hata ya matokeo ya 2012 kupangwa upya, waliofaulu walikuwa zaidi ya 120,000. Mwaka 2003, ambao wakosoaji huutaja kama enzi ya ubora, watahiniwa wote wa kidato cha nne, waliofaulu na waliofeli kwa pamoja, hawakufika 100,000. Maana yake ni kwamba katika mwaka mbaya kuliko yote, mfumo uliopanuliwa ulitoa wahitimu wenye cheti wengi kuliko waliowahi hata kukaa kwenye chumba cha mtihani chini ya mfumo wa zamani. Asilimia ilianguka kwa sababu waliohesabiwa walibadilika. Zamani mtoto aliyekosa nafasi hakuingia katika hesabu ya waliofeli sekondari. Alifeli kimya, shambani au katika kazi za ndani mjini, na hakuna gazeti lililoandika asilimia yake. Mtihani wa 2012 ulimweka hadharani. Aibu ile ilikuwa ya nchi tangu zamani, ila sasa ilikuwa na namba ya mtahiniwa.

Jibu hili halifuti kosa. Watoto 240,000 waliomaliza miaka minne bila kitu walitendewa vibaya, na hesabu ya jumla haiwezi kumliwaza hata mmoja wao. Wengi hawakuwa na mwalimu wa hisabati kwa mwaka mzima, maabara ilikuwa picha kitabuni, na kila somo isipokuwa Kiswahili lilifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo walikuwa wameisoma kama somo tu shule ya msingi. Tatizo hili la lugha halikuanza na kata. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba hata wanafunzi wale wachache wa wakati huo hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Shule za bweni zilificha udhaifu huo kwa sababu ziliwachuja waliokuwa hodari mno na kuwapa muda wa usiku wa kujisomea. Sekondari ya kata ilimpokea kila aliyefaulu, ikamrudisha nyumbani jioni penye kibatari na kazi za nyumbani, na udhaifu uleule ukajitokeza wazi. Kwa hiyo anayetaka kuilaumu kata kwa lugha anamlaumu mpokeaji wa mzigo badala ya aliyeufunga.

Kukabidhiwa halmashauri na kujengwa upya, 2009–2015

Mwaka 2009 usimamizi wa sekondari ulihamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda serikali za mitaa chini ya TAMISEMI. Mkuu wa shule, aliyekuwa akiandika barua Dar es Salaam, sasa alikuwa na afisa elimu sekondari wilayani na bodi ya shule yenye wazazi wa palepale. Wizara ilibaki na sera, mitaala na ukaguzi. Kugawanyika kwa mamlaka kuliwachanganya wengi kwa muda, hasa kuhusu uhamisho wa walimu, lakini kulifanya sekondari iwe mali inayosimamiwa na eneo lililoijenga. Awamu ya pili ya MMES, kuanzia 2010, ilielekeza fedha kwenye kukamilisha zaidi kuliko kuanzisha: nyumba za walimu, vyoo, maji na vyumba vilivyobaki maboma. Mwishoni mwa 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Agizo hilo nalo lilileta michango na manung'uniko, na maabara nyingi zilikamilika kuta kabla ya kupata vifaa, ila leo zipo shule za vijijini ambako mwanafunzi anafanya jaribio la kemia kwa mikono yake, jambo lililokuwa haki ya wachache wa Ilboru na Mzumbe.

Ada kuondolewa, 2016 na kuendelea

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016, mwanzoni mwa urais wa John Magufuli. Serikali ikaanza kupeleka fidia ya ada na ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Shilingi 20,000 zinaweza kuonekana ndogo kwa msomaji wa mjini. Kwa kaya inayouza mahindi mara moja kwa mwaka, tena ikiwa na watoto wawili sekondari, zilikuwa sababu ya kutosha ya mmoja kuacha, na mara nyingi aliyeacha alikuwa wa kike. Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, msamaha wa ada ukasogezwa hadi kidato cha tano na cha sita.

Wimbi la wanafunzi lilifuata. Mwaka 2021 sehemu ya fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3 zilizotolewa kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwamo 12,000 vya sekondari, na kwa mara ya kwanza wananchi wengi waliona madarasa yakisimama katani bila kuchangishwa. Mradi wa kuboresha sekondari, SEQUIP, wenye dola milioni 500 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020, ulipanga kujenga shule 1,000 katika kata zisizo na sekondari au zenye msongamano, pamoja na shule 26 za wasichana za sayansi, moja kila mkoa.

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1967 | Elimu ya Kujitegemea yatangaza kwamba wengi wataishia shule ya msingi |
| 2002 | MMEM yaanza, baada ya ada ya msingi kufutwa |
| 2004 | MMES yazinduliwa. Ada ya kutwa yapunguzwa nusu |
| 2006–2007 | Kampeni ya ujenzi wa sekondari za kata |
| 2009 | Sekondari zahamishiwa serikali za mitaa |
| 2012 | Agizo la maabara tatu kila shule. Matokeo mabaya ya kidato cha nne |
| 2016 | Elimu bila ada hadi kidato cha nne |
| 2020 | Mradi wa SEQUIP waidhinishwa |
| 2021 | Madarasa 15,000 yajengwa. Waliokatisha masomo kwa ujauzito waruhusiwa kurudi |
| 2022 | Elimu bila ada hadi kidato cha sita |
| 2025 | Sera mpya yazinduliwa. Elimu ya lazima yawa miaka kumi |

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa wa shule zaidi ya 500,000. Idadi hiyo inazidi wanafunzi wote wa sekondari, kidato cha kwanza hadi cha sita, wa mwaka 2003. Waliofaulu walikuwa takriban asilimia 92. Uaminifu unataka kuongeza kwamba wengi wao walipata daraja la nne, na kwamba waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa kama asilimia 43. Anayesema ubora bado ni mdogo anasema kweli. Asiyesema kweli ni anayedai kwamba upanuzi uliuzuia ubora kuja, kwa maana ufaulu umepanda huku idadi ikipanda, mara tu walimu, maabara na ruzuku vilipoanza kuyafikia majengo.

Umbali uliobaki

Pana lawama nyingine inayotoka kwa waliosoma shule za zamani. Wanasema bweni la kitaifa lilimkutanisha Mhaya na Mmakonde, Mchaga na Mgogo, likajenga Watanzania, na kwamba shule ya kata inamfungia kijana kwa majirani zake. Ni hoja yenye uzito, kwani umoja wa nchi hii haukuanguka kutoka mbinguni. Lakini bweni liliwaunganisha viongozi watarajiwa. Kijana aliyekosa nafasi hakuunganishwa na yeyote. Na mkutano huo haujafutwa: uchaguzi wa kidato cha tano bado unawapeleka vijana mikoa ya mbali, na leo wanaochaguliwa ni pamoja na waliotoka kata ambazo zamani hazikuwahi kupeleka mtu. Kenya ilipitia mjadala wa namna hii kuhusu shule zake za harambee, zilizojengwa na wanavijiji tangu miaka ya 1960 na kulaumiwa kwa kukosa walimu na maabara, na hatimaye serikali ikalazimika kuzibeba. Uganda mwaka 2007 na Kenya mwaka 2008 zikaondoa ada ya masomo katika sekondari za kutwa. Eneo zima lilifika pale pale kwa njia tofauti.

Jambo ambalo taasisi hii haijalimaliza ni lilelile iliyoanzishwa kulitatua. Kata ya Kiteto, Longido au Ngorongoro inaweza kuwa pana kiasi kwamba shule iliyo makao makuu ya kata ni mwendo wa saa tatu kutoka kitongoji cha mwisho. Hapo wazazi humpangishia mtoto chumba karibu na shule, na msichana wa miaka 14 akaishi geto bila mtu mzima, akijipikia, akitegemea fedha ya mwezi ambayo huisha kabla ya mwezi. Mimba nyingi zinazotajwa kama tatizo la maadili zimeanzia kwenye kilomita hizo na vyumba hivyo, pamoja na wanaume wanaojua msichana hana nauli. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida ulikuwa wa haki, na ulichelewa mno. Lakini kuwarudisha ni tiba ya baadaye. Kinga ni hosteli yenye matroni, na ni shule ya pili katika kata iliyo pana. Mamlaka ya Elimu Tanzania, mashirika kama CAMFED lililoanza kazi nchini mwaka 2005, na wazazi wenyewe wamejenga au kugharamia sehemu ya kazi hii. Wasichana sasa ni zaidi kidogo ya nusu ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2004 hakuna aliyeahidi hilo, na ni ushahidi mkubwa kuliko wote wa hoja ya ukaribu: mzazi aliyemzuia binti asiende bweni mkoa wa mbali alimruhusu aende shule anayoiona akiwa shambani.

Kuelekea 2028

Sera iliyozinduliwa mwaka 2025 inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Sekondari ya kata kwa hiyo inaacha kuwa nafasi ya aliyefaulu na kuwa haki ya kila mtoto, pamoja na yule ambaye zamani angeambiwa elimu yake imeishia darasa la saba. Katika kipindi cha mpito darasa la sita na la saba yatamaliza shule ya msingi mwaka mmoja, 2027, na makundi yote mawili yataripoti kidato cha kwanza Januari 2028. Wakuu wa shule wanalijua jambo hili, na bodi nyingi zimeshaanza kuhesabu vyumba. Ile hesabu ya mwaka 2002 iliyofanywa kwa kalenda inarudi tena, safari hii ikiwa na tarehe kamili na miaka ya kujiandaa.

Ikiwa historia hii ina matumizi kwa wanaopanga, basi ni katika mpangilio wa kazi. Mwaka 2006 kuta zilitangulia, mwalimu akafuata baada ya miaka mitano. Mwalimu anayepangiwa kata isiyo na nyumba ya kuishi huripoti, hukaa wiki mbili, kisha huanza kutafuta uhamisho, na darasa jipya linabaki na kiranja wa zamu. Kwa hiyo katika kata za pembezoni nyumba za walimu zinatakiwa ziingie kwenye bajeti ya halmashauri pamoja na madarasa, si baada yake, na pale panapojengwa shule ya pili iwekwe upande wa kata ulio mbali na ile ya kwanza, hata kama makao makuu ya kata pana barabara nzuri zaidi na diwani anaishi hapo. Walimu wa kuwapokea watoto wa 2028 wengi wameshahitimu, wako mtaani na shahada zao wakisubiri ajira.